Somo Hakutufunza Hili: Nguvu za Kiume na Habari Zilizomo Kwenye Damu



Leo tunaandika sisi wawili, mke na mume. Kalamu ameishika mke kwa sababu ndiye aliyezoea kukaa chini muda mrefu, cherehani imemzoesha, lakini kila mstari mume kausoma na kauridhia. Tunalitanguliza hilo kwa sababu tunayajua mafunzo yetu: siri ya chumbani haitolewi nje. Tulijadiliana miezi kadhaa kama tuandike au tunyamaze. Mwisho mume ndiye aliyesema, "Andika, mama watoto. Mtu angeniandikia mimi mambo haya mapema, nisingeyanywa yale mavumbi." Basi majina yetu yabaki kwetu, habari tuwape.

Mke ni mzaliwa wa Unguja. Alisoma mpaka kidato cha nne, akachukua kozi ya ushonaji, kisha akaolewa Mwanza. Duka letu la kushona liko upande wa Makoroboi, tunashona abaya, magauni ya harusi, na ikifika Januari tunazama kwenye sare za skuli. Mume ni mtu wa dagaa, Mwaloni pale Kirumba. Anapokea mzigo kutoka visiwani na kuupakia kwenye malori ya mikoani. (Huku tukisema visiwani tunakusudia Ukerewe na wenzake wa ziwani, msituchanganye.)

Kabla ya harusi yetu, biharusi aliwekwa ndani na somo wake, akafunzwa kama mlivyofunzwa nyinyi. Kujifukiza udi, kusinga liwa, kutandika asumini, namna ya kumpokea mume akirudi, namna ya kumjua akikasirika. Somo wetu alikuwa mtu mzima mwenye hekima na Mungu amrehemu, hatumlaumu. Ila katika mafunzo yote yale mume alikuwa ni moto uliokwisha kuwashwa, kazi ya mke ni kutouzima. Hakuna aliyetaja siku ambayo kuni zipo, kiberiti kipo, na moto hauwaki. Kwa hiyo siku hiyo ilipofika, mwaka wa tisa wa ndoa, mke alikuwa na maelezo mamoja tu kichwani: hanitaki tena.

Na mume naye alikuwa na yake mamoja: nimefungwa.

Ilianza kidogokidogo. Mara moja, tukasema ni uchovu, lori lilikwama njiani siku mbili. Mara ya pili tukasema ni joto. Mara ya tatu hatukusema kitu, na hapo ndipo pabaya palipoanzia, kutosema. Mume akawa anarudi usiku sana baada ya isha, anakaa sebuleni na mpira wa Ulaya mpaka mke alale. Mke naye akaanza kukagua simu. Kila mke wa mtu wa dagaa anaijua hofu ya makambi ya wavuvi, wanawake wa kule wanavyosemwa, na akili ikishaingia huko kila namba ngeni ni ya mwanamke. Kumbe zilikuwa namba za madereva. Mume kwa upande wake alikuwa anamhesabu mtu mmoja waliyegombana kuhusu mzigo, akaamini huyo ndiye kamchezea. Tuliishi hivyo nyumba moja miezi mitano, kila mmoja na mshukiwa wake.

Halafu akanunua vumbi la Kongo. Mnaoishi bara mnalijua, linauzwa stendi na sokoni kwenye vikaratasi, na muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake. Usiku ule moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, kichwa kikamgonga, akakaa ukingoni mwa kitanda anatoa shahada. Mke alidhani ni malaria imepanda kichwani. Alipokuwa anamfuta jasho kwa khanga ndipo mume akasema yote, kwa sauti ya mtoto. Tulilia, wallahi. Na tulicheka pia, maana mke naye alitoboa kuhusu zile namba za madereva.

Tungekuwa na akili tungekwenda hospitali asubuhi yake. Hatukwenda. Tulikwenda kwa muuza virutubisho mmoja mjini mwenye kimashine cha kupima mwili mzima. Unashika kitu kama kalamu ya chuma, dakika moja, kinatoka karatasi cha kurasa kibao: figo zako hivi, ini lako vile, "damu ina sumu na mcharuko." Tukauziwa makopo ya kusafisha damu, shilingi 280,000. Pesa hiyo ni magauni mawili ya harusi na usiku usiolalwa. Damu haikusafika. Sasa tunajua kwamba damu haisafishwi kwa kopo, figo na ini ndizo zinazoisafisha usiku na mchana. Na mcharuko haupimwi kwa kushika kalamu, unapimwa kwa kutoa damu kwenye mshipa na kuipeleka maabara.

Hospitali tulikwenda kwa sababu ya jino. Ufizi wa mume ulikuwa umevimba na kutoa usaha, alikuwa nao siku nyingi, anasukutua kwa maji ya chumvi na kuendelea na safari. Mke akasema tukifika huko tunalisema na lile jengine. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, amejifunga hijabu yake vizuri, na mume kuona hivyo akageuka atoke. Yule binti akasema, "Baba, kaa. Na mama kaa. Mambo haya nayasikia kila wiki." Tukakaa.

Aliuliza maswali ambayo hatukuyategemea. Je, alfajiri mwili wa baba unaamka wenyewe, hata kama usiku umeshindwa? Akasema mwili ukiamka wenyewe usingizini au alfajiri, na kushindwa kunakuja mbele ya mke tu, basi aghlabu tatizo liko kwenye hofu, huzuni au ugomvi. Usipoamka kabisa, itazamwe mishipa, neva, homoni, au dawa anazotumia, maana zipo baadhi ya dawa za presha zinazosababisha hilo. Akauliza sigara. Mume alikuwa anavuta pale Mwaloni na kutafuna bigijii kabla ya kurudi nyumbani, na mke alikuwa anajua na kujifanya hajui. Akauliza kama kifua kinabana akipanda mlima. Sisi tunakaa Bugarika, ngazi za mawe mpaka mlangoni. Mume akanyamaza kwanza, kisha akakiri kuwa siku hizi anapumzika mara mbili njiani.

Akauliza pia alipokulia. Mume kakulia Kwimba, akichunga ng'ombe na kuoga malamboni. Hapo daktari akaandika kichocho. Tulidhani kichocho ni maradhi ya watoto wa skuli. Akatueleza kwamba pembezoni mwa ziwa kilichotawala ni kichocho cha tumbo, na kile cha mkojo kinapatikana zaidi kwenye malambo na mabwawa ya ndani. Ndugu zetu wa Pemba na Unguja mnakijua hiki cha mkojo, vita vyake mmepigana miaka mingi. Mayai ya minyoo hiyo yanaweza kukwama kwenye viungo vya uzazi vya mwanamume na kukaa humo yakichokoza mwili miaka, na mtu akaja kuona damu kwenye mkojo au kwenye manii. Dawa yake ipo, prazikwanteli, ni ya vidonge. Mume alipimwa, hakuwa nacho. Tulipimwa na UKIMWI sote wawili, kwa hiari yetu, alhamdulillahi tuko salama.

Sasa tuje kwenye damu, ndiko tulikokuwa tunakwenda.

Walipima sukari ya asubuhi kabla ya kula, mafuta kwenye damu, damu kamili, na kipimo kimoja ambacho hatukuwahi kukisikia, CRP. Presha ilikuwa 150 kwa 95. Sukari ilikuwa 8.4, na kisukari kinahesabiwa kuanzia 7 kwa aliyefunga usiku kucha, kikirudiwa siku nyingine na kuthibitika. CRP ilikuwa 14.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Mwili ukishambuliwa na kidudu, ukiumia, au ukiwa na moto wa chini kwa chini usioonekana, ini linapata ujumbe na kuanza kuimwaga hiyo protini kwenye damu. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Huo moto wa chini kwa chini ndio wanaouita inflamesheni, wengine husema mcharuko. Kwa mambo ya moyo, chini ya 1 ni kuzuri, 1 mpaka 3 ni katikati, juu ya 3 ni hatari kubwa zaidi. Lakini, na hapa daktari alinyanyua kidole, ikipita 10 usiseme moyo wala nguvu za kiume, tafuta kwanza maradhi ya papo hapo. Ufizi wenye usaha unatosha kuipandisha. Malaria inaipandisha, kidonda kinaipandisha. Kwa hiyo jino likang'olewa, ufizi ukatibiwa, sukari na CRP zikarudiwa wiki tatu baadaye. Sukari ikathibitika ni kisukari. CRP ilikuwa 5.

Mke akauliza kwa lugha ya kazi yake: basi hiki kipimo ni kama futi ya fundi? Inakwambia kiuno kimeongezeka, haikwambii kimeongezeka kwa sababu gani, ujauzito au wali. Daktari akacheka, akasema ndivyo hivyo hasa. Hakuna kipimo cha damu kitakachosema "mwanamume huyu hasimami." CRP inasema kuna moto mahali. Kazi ya kutafuta moto uko wapi ni ya daktari na mwenye mwili.

Na moto unahusiana vipi na chumbani? Alichora kwenye karatasi. Kusimama kwa mwanamume ni damu kujaa, si zaidi. Ili damu ijae, mishipa inayopeleka damu huko ilegee na kutanuka. Anayetoa amri ya kulegea ni utando mwembamba wa ndani ya mshipa, kwa kutoa hewa inayoitwa naitriki oksaidi. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo kwenye mishipa, na mwaka huohuo ndipo vile vidonge vya buluu vilipoingia sokoni. Sukari nyingi, moshi wa sigara, mafuta ya tumboni na presha vyote vinauchubua ule utando na kuutia mcharuko, na utando uliochubuka unatoa hewa kidogo. Amri ya kulegea inakuwa ndogo, damu haijai.

Kisha akachora mabomba mawili. Mshipa wa huko chini una upana wa milimita 1 mpaka 2. Mishipa ya moyo ina 3 mpaka 4. Uchafu uleule ukijijenga ndani ya yote, bomba jembamba ndilo litakaloziba mwanzo. Ndiyo maana kwa wanaume wengi kushindwa chumbani kunatangulia maradhi ya moyo kwa miaka michache.

Mke aliinuka akaenda dirishani. Kwa miezi mitano alikuwa anatafuta mwanamke kwenye simu, na muda wote mwili wa mumewe ulikuwa unamwambia habari ya moyo wake.

Na si hilo tu. Sisi tuna daftari la vipimo pale dukani, kila mteja na ukurasa wake, na mume ana wake. Tulipofika nyumbani tukalifungua. Mwaka tuliooana suruali yake ilikuwa kiuno inchi 33. Kisha 35. Kisha 38. Mara ya mwisho 41. Fundi alikuwa ameipanua kiuno mara tatu kwa mkono wake, akiimba, akijisifu kwamba mume wake ananenepa kwa sababu anatunzwa. Kwa mila zetu mume mwembamba ni aibu ya mke, sivyo? Sangara wa kukaanga usiku saa nne, chipsi mayai za Kirumba, soda mbili kwa siku, chai ya sukari vijiko vitatu. Tulikuwa tunamlisha maradhi kwa mapenzi. Mke alikata tamaa usiku ule, mume ndiye aliyembembeleza.

Daktari alitueleza kwamba hatuko peke yetu. Mwaka 2014 madaktari wa Dar es Salaam walitoa utafiti wa wanaume 312 wenye kisukari waliokuwa wakitibiwa Muhimbili, na zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo hili kwa kiasi fulani. Zaidi ya nusu! Na ukikaa kwenye baraza ya wanaume hutamsikia hata mmoja.

Matibabu hayakuwa na maajabu. Kidonge cha kisukari, kidonge cha presha, daktari akachagua kisichogusa mambo yetu. Moyo ulipimwa kwa zile waya za kifuani kwanza, kisha ndipo akaandikiwa vidonge vya kusaidia kusimama, kwa dozi ndogo, na onyo: asichanganye kamwe na dawa za kifua za kundi la naitreti wanazopewa wenye moyo, presha inaweza kuanguka mtu akafa. Tulipokumbuka lile vumbi tulitetemeka. Mavumbi na vidonge vya mitishamba vya namna hiyo, nchi nyingi vimekutwa vimechanganywa dawa hizohizo za hospitali kimyakimya, bila kipimo, na anayeyanunua hajui moyo wake ukoje.

Sigara aliacha kwa tabu, mara tatu. Chakula cha usiku tukakisogeza kiwe baada ya magharibi. Ugali ukapungua, mchicha na dagaa wa kuchemsha vikaongezeka, soda ikatoka nyumbani kabisa. Na kutembea. Alfajiri baada ya swala tunashuka ngazi za Bugarika sote wawili, tunakwenda mpaka ziwani kulitazama jiwe la Bismarck na kurudi. Mara ya kwanza majirani walidhani tunakimbia wadeni.

Tulifanya hayo kwa sababu daktari alitupa mfano mmoja. Nchini Italia, mwaka 2004, walitangaza matokeo ya wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Nusu walifunzwa kwa kina kula na kufanya mazoezi kwa miaka miwili, nusu wakapewa maelezo ya jumla tu. Katika wale 55 waliofunzwa, 17 walirudi kuwa sawa. Kwa wenzao 55, watatu. Na CRP ya wale waliofunzwa ilishuka. Mume alivutiwa na hao 17. Mke akaona 38 waliobaki, maana fundi hesabu zake ni za kitambaa kilichobaki. Haimrudii kila mtu, na wale hata kisukari hawakuwa nacho.

Kwetu sisi, baada ya mwaka, sukari iko 6.3, presha imetulia, CRP ni 2. Chumbani kumerudi, si kama mwaka wa kwanza, na si kila tunapotaka. Vidonge tunavyo droweni. Zipo siku hakuna kitu, na siku hizo siku hizi tunazungumza mpaka usingizi utuchukue.

Tuseme jambo la dini, maana mabiharusi wanatuuliza dukani kwa kunong'ona wakati wa kupimwa. Kutafuta dawa tumeamrishwa, si kukosa tawakkul. Na mkumbuke kwamba wanazuoni wetu hawakuona haya kulizungumza hili. Mume aliyeshindwa tangu ndoa kufungwa, asiweze kuingiliana na mkewe hata mara moja, mke akipeleka shauri kwa kadhi, mume hupewa mwaka mzima. Mwaka, ili misimu yote minne ipite, baridi na joto, ukavu na unyevu, huenda maradhi yakaondoka na msimu. Mwaka ukiisha hali ni ileile, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Watu wa kale walijua kuwa ni mwili unaoumwa na unahitaji muda, na walijua pia kuwa mke ana haki yake. Sisi wa leo tunampa mume wiki mbili kisha tunamwendea mganga, au tunampa maisha yote ya kimya. Mwenye shauri lake amwendee kadhi au shekhe anayemwamini, sisi ni mafundi tu.

Ijumaa iliyopita alikuja biharusi mmoja kupima gauni, na bwana harusi kamsindikiza, kijana wa miaka 29, kitambi kishaanza, soda mkononi. Mke akampima yule binti, kisha akamwita na kijana: "Njoo na wewe mwanangu, kanzu yako tukupime." Inchi 39. Tukaandika kwenye daftari, ukurasa mpya, na chini yake tarehe. Tukamwambia binti akiwa peke yake kwamba kila mwaka wamlete tumpime upya bure, na wakapime presha na sukari wote wawili kabla ya harusi. Akaona haya, akasema, "Inshallah bi." Hatujui kama watakwenda.

Mume amemaliza kusoma hapa. Anasema tuongeze kwamba kiuno chake sasa ni 36, na suruali ile ya 41 fundi kaipunguza mwenyewe bila kumtoza. Na anakanusha soda mbili kwa siku. Anasema ilikuwa moja na nusu.